Kipimo Chekundu cha Zdravka

Zdravka Mineva hakuwa mtu wa samaki. Alikuwa mshonaji. Miaka thelathini na moja alishona sare za wauguzi katika kiwanda cha mjini, na alipostaafu alitaka jambo moja tu: kukaa chini ya mzabibu wake bila kusikia cherehani. Mwenye samaki alikuwa mumewe, Ognyan, dereva wa lori aliyepeleka mboga Burgas, pwani, miaka mingi mpaka akawa anadai bahari inamjua kwa jina. Vuli moja alirudi kutoka Varna na tangi la kioo la lita mia mbili, mawe ya baharini, gunia la chumvi, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Februari moyo ulimsimama akiwa anakwangua theluji langoni. Tulibandika tangazo la msiba lenye picha yake mlangoni, na ndani samaki wakaendelea kuzunguka mawe yao.

Mimi ni Totka, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya meya wa kijiji chetu. Ninayoyasimulia mengine niliyaona, na mengine niliyafanya.

Siku ya arobaini, tulipotoka makaburini, Zdravka aliniambia atawagawa wale samaki. Wiki ikapita, kisha mwezi, na tangi bado liko sebuleni.

"Kila nikiingia wanakuja kiooni," alisema. "Humu ndani hakuna mwingine anayefurahi kuniona."

Basi akampigia simu Krum, kijana mwenye duka Varna aliyemuuzia Ognyan tangi na samaki wale, amfundishe. Krum alikuwa mtu wa mzaha lakini kazi yake aliijua.

"Shangazi, unawalisha mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu. Kwani wewe unakula mara ngapi?"

"Samaki si mume, shangazi, usimbembeleze aongeze sahani. Mara moja, tena kidogo, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Wanachokiacha kinaoza. Kikioza kinakuwa sumu kali. Vijidudu vilivyo kwenye mawe vinaila hiyo sumu na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haiui upesi, ila haiondoki yenyewe. Inajikusanya tu, na maji yanabaki meupe kama machozi."

"Sasa nitaijuaje?"

"Utaipima."

Akamtumia kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na kichupa chembamba cha kioo, dawa mbili za matone, unga kidogo na kadi ya rangi. Unatia maji ya tangi, unatia dawa, unatikisa, unasubiri dakika kumi. Yakibaki ya manjano, heri. Yakienda kwenye rangi ya chungwa, jihadhari. Yakiwa mekundu, una kazi. Krum alimwambia kwa tangi la bahari asivuke miligramu ishirini kwa lita.

Kipimo cha kwanza kilisema arobaini. Zdravka aliichukua kazi ile kama alivyochukua sare za wauguzi, mshono kwa mshono. Akapunguza chakula. Sponji la chujio akawa analikamua kila Jumamosi. Akawa anatoa lita ishirini za maji kila wiki, na kutia mapya aliyoyachanganya na chumvi kwenye ndoo. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari la Ognyan la safari, chini ya kilomita za mwisho alizoziandika marehemu. Sitini. Sabini. Tumbawe dogo laini alilolipenda Ognyan likajikunja, likawa kama kitambaa kilicholowa, likafa.

"Badilisha maji zaidi," Krum akasema.

Akabadilisha mara mbili kwa wiki. Themanini.

"Shangazi, usinikasirikie. Hebu pima maji ya bomba lako, kabla hujatia chumvi."

Zdravka alikasirika. Hayo ni maji aliyoyanywa tangu anabebwa mgongoni. Lakini alipima, na mle kwenye kichupa rangi ikapanda taratibu mpaka ikawa nyekundu kama juisi ya bitiruti. Akakiosha, akapima tena, mara tatu. Ilikuwa kati ya themanini na mia. Kumbe kila ndoo aliyomwagia samaki ili kuwasafishia, alikuwa anawaongezea.

Krum alipoambiwa, kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Aliuliza, "Hapo kwenu kuna mtoto mchanga?"

Alikuwepo. Nyumba ya pili kutoka kwa Zdravka waliishi Desislava na mumewe Plamen, na binti yao Yoana, aliyezaliwa Machi. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka mapema, kwa hiyo mtoto alikunywa maziwa ya unga. Zdravka alikwenda siku hiyohiyo, kichupa kimefungwa kwenye leso.

"Desi, mwanangu, usimkorogee mtoto kwa maji ya bomba. Nunua ya chupa."

"Nayachemsha, shangazi. Dakika kumi nzima."

"Yana nitrati, nayo haifi kwa kuchemshwa. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Unampa kali zaidi."

Plamen alikuwa mezani anakula supu. Alifanya kazi kwenye shamba la nguruwe lililo juu ya kilima, kama wanaume arobaini wa kijiji chetu. Mbolea ya kinyesi cha nguruwe wale ilimwagwa kwenye mteremko, na chini ya mteremko ndipo ilipo pampu yetu ya maji. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka.

"Kwa hiyo siku hizi tunapimwa na dawa ya samaki," Plamen alisema. "Kesho utatuletea nini, shangazi, chakula chao?"

Desislava alicheka, kwa sababu mumewe alicheka. Zdravka alikifunga kichupa chake akaja ofisini kwetu.

Meya Haralampi alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Totka, hebu mwonyeshe ile karatasi ya maabara."

Niliitoa. Ilikuwa ya mwaka juzi. Ilisema arobaini na mbili, na sheria inaruhusu hamsini.

"Unaona, dada Zdravka? Hiyo ni maabara. Ile ya kwako ni ya kuchezea."

Zdravka aliisoma, akaisoma tena. "Na ya mwaka jana iko wapi?"

"Ya mwaka jana bado haijaja," akasema meya, na aliponitazama nilikuwa naweka karatasi sawa mezani.

Ilikuwa imekuja. Ilikuja Novemba, kwa posta, nikaifungua mwenyewe. Tisini na sita. Haralampi aliniambia niiweke kwenye droo ya chini mpaka baraza likutane, na baraza lilikutana mara nne bila mtu kuiulizia. Mwanangu alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba lile. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kuongeza. Tangu Novemba shemeji yangu alikuwa ananiletea maji ya chemchemi kutoka kijijini kwake, kwenye madumu.

Katikati ya Juni, asubuhi, Zdravka alimwona Desislava uani akimtembeza mtoto begani. Alisogea ukutani kumsalimu. Midomo ya Yoana ilikuwa ya kijivu, na kucha zake kama zimepakwa wino uliochuja.

"Ameanza lini hivi?"

"Tangu juzi. Halii sana, analala tu. Mama mkwe anasema ni baridi."

"Juni hii? Mpigie Plamen. Sasa hivi. Na mkifika hospitali msiseme baridi, semeni maji. Waambie: anakunywa maji ya bomba yenye nitrati karibu mia."

Plamen aliteremka kilimani na gari la shamba, bado amevaa mabuti. Baadaye Desislava alimsimulia mama yake, na mama yake akatusimulia sote, kwamba damu waliyomtoa mtoto ilikuwa ya rangi ya chokoleti. Daktari alisema kama hospitali ingechelewa ikitafuta ugonjwa wa moyo, wazazi wangerudi na jeneza dogo. Alimtia dawa kwenye mshipa, na kabla ya jua kutua midomo ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto. Kisha daktari akanyanyua simu.

Jumanne wakaguzi wawili wa afya waliingia ofisini. Walimwita Zdravka aeleze, akaja na daftari la Ognyan chini ya kwapa. Mkaguzi mwanamke aliomba faili la maji. Haralampi alisema faili analitunza karani. Nilifungua droo ya chini, nikampa karatasi, na yeye akaisoma tarehe kwa sauti.

Zdravka alihesabu kwa vidole, bila haraka. Novemba, na mtoto kazaliwa Machi. Halafu akanitazama.

"Kahawa yangu," alisema.

Nikaifunga droo.

"Majira yote ya baridi hukuionja kahawa yangu, Totka. Hata siku ya msiba. Ulisema ni tumbo, nikakuchemshia mnanaa. Na huo mnanaa ukaumwaga, si ndiyo?"

"Nilikuwa nasubiri baraza," nikasema.

Mkaguzi aliendelea kuandika.

Pampu ikafungwa. Maji yakaja kwa lori mara mbili kwa wiki, tukipanga foleni na ndoo. Shamba likaamriwa kusimamisha mbolea, likapunguza nguruwe, na wanaume kumi na mmoja wakaachishwa kazi. Plamen alikuwa wa tatu kwenye orodha. Mwanangu alibaki. Haralampi alipewa onyo la maandishi, ambalo nililipiga chapa mimi mwenyewe.

Ungedhani watu wangembeba Zdravka juujuu. Kwenye foleni ya maji walimwachia nafasi pana, kama mgonjwa wa upele.

"Mpisheni bibi samaki," alisema mke wa mmoja wa wale kumi na mmoja. "Ana wageni wa kuogeshwa nyumbani."

"Miaka yote tumekunywa, nani alikufa?" mwingine akadakia.

Zdravka alijaza ndoo zake akaondoka. Kilichomvunja ni Desislava. Agosti waliuza mbuzi, wakafunga mizigo waende Ujerumani kuvuna matango. Zdravka alimpelekea mtoto kofia aliyoishona. Desislava aliipokea langoni, hakumkaribisha.

"Mtoto wangu umeniokolea, shangazi. Nyumba yangu umeibomoa. Sijui nikushukuru kwa mdomo gani." Nyuma yake Plamen alikuwa anafunga kamba juu ya gari, na hakugeuka.

Wiki nane baadaye pampu ilifunguliwa, maji yakichanganywa na ya kisima kipya cha mbali. Karatasi mpya ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: arobaini na saba. Chini ya hamsini, basi halali. Oktoba Haralampi akachaguliwa tena.

Zdravka sasa anatumiwa maji yaliyochujwa na Krum, kwa basi, na hayo tu ndiyo anayoyachanganya na chumvi. Analisha mara moja, anakamua sponji Jumamosi, na nasikia kipimo kiko chini ya kumi. Mwenyewe anakunywa ya bomba, kama sisi wengine. Ya basi hayatoshi watu na samaki.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Septemba moja, kijiji kizima kikinuka pilipili hoho zinazochomwa kwa akiba ya baridi, nilichukua mtungi mmoja wa zangu nikavuka barabara. Nilikuwa nimejipangia maneno. Alifungua mlango, mikono imelowa mpaka viwiko, mpira wa maji begani. Alikuwa katikati ya kubadilisha maji.

"Zdravka, nimekuja..."

"Kwa kuwa umekuja, kamwage hiyo ndoo."

Niliweka mtungi chini, ndani ya mlango, nikaibeba ndoo. Ilikuwa nzito, maji ya chumvi ya manjano kidogo, na yalinimwagikia viatuni mpaka nikafika kwenye mtaro. Niliimwaga, nikaisuuza, nikairudisha. Mlango ulikuwa umefungwa, na mtungi wangu wa pilipili umehamishiwa nje, kwenye ngazi ya mwisho, upande wa barabarani.