Kadi ya Chun-bae

Chun-bae aliacha kazi ya benki akaenda kulima vitunguu saumu kijijini Uiseong. Sasa waliosoma naye chuo wamekutana mjini Daegu kwa nyama choma, na kila mtu anaulizwa anafanya nini.

"Usituaibishe," alinong'ona Pil-ho, aliyekuwa kiongozi wa darasa. "Sema wewe mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nani? Wa panya?"

Kadi za kazi, zenye jina na cheo cha mtu, zikaanza kuzunguka, zikitolewa kwa mikono miwili na kichwa kimeinama. Ukipewa, unaiweka mezani mbele yako. Kuitia mfukoni papo hapo ni tusi. Zamu yake ilipofika, Chun-bae alisimama kifua mbele kama jogoo wa kwao, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa vitunguu saumu. Akampa kila mmoja kimoja, kwa mikono miwili, akiinama kuwashinda wote.

"Kadi yangu hiyo. Jina halimo, ila harufu hutaisahau!"

"We mwehu!" Pil-ho alimaka.

"Iweke mbele yako, mheshimiwa. Au kwenu hamkufunzwa adabu?"

Pil-ho akaiweka, uso umemvimba. Lakini nyama ya nguruwe ilipoanza kuchuruza mafuta juu ya moto, ni yeye aliyetangulia kuimenya kadi aile na nyama.