Shuka la baba mkwe kwenye miche ya nyanya

Leo asubuhi baba mkwe kaamka anatafuta shuka lake, na mimi nilijua liko wapi.

Baridi ya Karatu mwezi wa saba mnaijua. Jana jioni ng'ombe alikula nyasi zote nilizofunikia miche ya nyanya, nikachukua shuka la mzee. (Msinihukumu.)

Akazunguka nyumba nzima. Mimi nakoroga uji.

Akaelekea bustanini. Nikajua leo narudishwa kwetu.

Akainua shuka, akaangalia miche, akairudishia shuka taratibu na kulibana kwa mawe.

"Mama Neema, na hoho umezifunika na nini?"

"Sijazifunika, baba."

Akarudi ndani, akanywa uji wake.

Jioni hii kitenge changu kipya hakipo kabatini. Hoho zimependeza kweli.

Jamani, nimuulize, au na mimi ninywe uji tu?