Dorotea na Msururu wa Setilaiti

Dorotea Mkopi alizaliwa Katindiuka kwa wakulima wa mpunga, lakini bonde zima lilimjua kwa sauti. Yeye ndiye aliyeshika simu ya upepo ya misheni pale Ifakara, na kila asubuhi aliziita zahanati kwa majina, akazisikiliza shida zao, akazitania kidogo kabla ya kuagana nazo. Hata mvua ikivuruga mawimbi, hakuwa mtu wa kuinuka kwenye kiti kabla hajajibiwa.

Mwishoni mwa mwaka 1997 alifika mhandisi kutoka Dar es Salaam, Gosbert, akiwa na mitambo miwili ya kujaribu: antena, kompyuta na kisanduku cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti ndogo, ndogo kiasi kwamba watu wawili wangeweza kuibeba moja.

"Nane zitarushwa kwa roketi moja," alimweleza Dorotea. "Zikifika juu zitaachiwa moja baada ya nyingine, zote kwenye njia ileile. Zikishatawanyika kuizunguka dunia, hutangoja sana bila moja kupita juu yako."

"Na kabla hazijatawanyika?"

"Zitakuja zimeongozana, kisha kimya kirefu. Wakati huo si wa kuzitegemea."

Ziliporushwa, Dorotea alikaa mbele ya kompyuta mpaka ya kwanza ikaita. Akapiga makofi. Muda mfupi baadaye ikaita ya pili, na nyingine nyuma yake.

Siku hizo mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara ya Malinyi. Asubuhi moja aliingia Kasmiri, mzee wa Kindamba aliyeendesha mtumbwi wa mashine wa misheni, nguo zikimchuruzika maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Malinyi kuna kipindupindu. Simu ya upepo ya zahanati yao imeungua kwa radi. Nesi Aikande anasema dripu zinamwishia."

Dripu zilikuwepo Ifakara, na ndege ndogo ilikuwepo. Ila rubani alitikisa kichwa. Uwanja wa Malinyi ulikuwa wa nyasi, na akitua kwenye tope asingepaa tena. Alihitaji mtu aliyeukanyaga asubuhi hiyohiyo amhakikishie.

"Mtambo mmoja naupeleka Malinyi," Dorotea alisema.

"Dada Dorotea, setilaiti bado zimebanana," Gosbert alimkumbusha. "Ukiukosa msururu wa asubuhi, siku nzima imepotea."

"Sitaukosa. Wewe kaa na mtambo wa pili, usikilize."

Gosbert akaanza kuifunga kompyuta kwa nailoni.

Dorotea na Kasmiri walipanda mto kwa mtumbwi, maji yakiwa yamemeza mashamba pande zote, wakalala kwa wavuvi njiani. Walipofika Malinyi, Aikande aliwapokea macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi barazani.

Kulipokucha, Dorotea na Kasmiri waliupima uwanja kwa miguu. Upande wa mto ulikuwa tope tupu. Upande wa shule ulikuwa mgumu, nao ulitosha ndege kutua. Dorotea akarudi mbio, akasimamisha antena, akaunganisha kisanduku na betri ya gari.

Setilaiti ya kwanza ilipita bila kumjibu. Waya ulikuwa umeingia maji.

"Imekwenda?" Aikande aliuliza.

"Hiyo imekwenda. Wenzake wako nyuma yake."

Alikata ncha ya waya kwa kisu, akaukausha kwa kanga yake, akauunganisha upya. Ya pili ikaita, ikachukua nusu ya ujumbe, ikazama nyuma ya milima. Dorotea hakungoja kusikitika. Ya tatu ilipochomoza, alimalizia: TUA UPANDE WA SHULE. PAMEKAUKA. LETENI DRIPU ZOTE. Siku ile kule kubanana kulikoonekana kasoro ndiko kulikomsaidia. Kama zingekuwa zimeachana, angengoja kila moja kwa zamu yake, na wagonjwa wangengoja pia.

Wakati ya mwisho inapita, kioo cha kompyuta kiliandika jibu la Gosbert: RUBANI ANAWASHA INJINI.

Aikande alilisoma, akakaa chini kwenye nyasi na kulia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Dorotea alimshika bega, halafu akamwinua, maana palikuwa na kazi ya kuwaondoa ng'ombe uwanjani.

Ndege ilitua jua likiwa bado la asubuhi. Wako wagonjwa waliokufa kabla haijafika, na majina yao yalisomwa kanisani Jumapili. Wengi walipona.

Dorotea alibaki Malinyi hadi maji yalipopungua. Kila wiki setilaiti ziliachana zaidi, na yeye akawafundisha wauguzi kuzisikiliza. Siku ya kuondoka alimkuta Aikande kwenye mtambo, akituma ujumbe mwenyewe, wala hakugeuka kuomba msaada.