Tete la Mkeka

Marehemu baba yangu alifanya kazi bandarini hapa Kalemie, lakini utotoni aliishi ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ambako alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Huko walichonga tete, wakalichovya katika wino wa masizi, wakaandika juu ya ubao. Kila nilipotoka shule na biki mkononi alinicheka: "Hiyo ni plastiki tu, mama. Kalamu ya kweli njo tete." Siku moja alinichongea moja, akanionyesha jinsi ya kuipasua ncha ili ishike wino.

Nilipokuja kuwa mwalimu niliona kwamba hakudanganya. Neno kalamu tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki lilikuwa tete lenyewe, lile linaloota majini. Wabelgiji walipokuja na plume yao, ambayo kwao ni unyoya wa ndege, wazee wetu hawakujisumbua, wakaiita kalamu vilevile. Kisha ikaja biki, nayo kalamu. Kila mwaka niliwaeleza watoto wa mwaka wa tatu habari hiyo, nao kila mwaka wakanipigia miayo.

Halafu mume wangu akafa, na ndugu zake wakafika kutoka Kiambi na desturi yao. Walininyoa nywele kwa wembe, wakanikalisha kwenye pembe ya chumba, juu ya mkeka wa matete. Simu wakaichukua. Kwao mjane hasemi mbele ya watu. Akitaka maji anamnong'oneza wifi yake, na wifi ndiye anakuwa mdomo wake. Akithubutu kusema, kifo kinageukia watoto wake. Mimi ni muntu wa kusoma, siamini mambo hayo. Lakini nilisikia wanangu wakicheza uani, nje kwenye lupango, nikauma ulimi.

Mama direktrisi, mkuu wa shule yetu, alipokuja kunipa pole, wifi alimjibu kwa niaba yangu: "Huyu hatarudia kazi tena. Kilio kikiisha tunamupeleka Kiambi, kwa ndugu za bwana yake."

Wapi! Nani aliniuliza? Nilimkodolea macho mama direktrisi hadi yakauma, naye akadhani ni majonzi. Alisema watoto hawawezi kukaa bila mwalimu. Atapita tena kuniaga, kisha ataweka mtu mwingine. Akaondoka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mchana kutwa vidole vyangu vilichezea ukingo wa mkeka, mpaka tete moja likalegea. Nikalitazama. Loo! Nilicheka peke yangu, mjane mzima, na wifi akatoka mbio kuwaambia wenzake kwamba uchungu umenipanda kichwani.

Wembe walioninyolea ulikuwa bado dirishani. Nilikata tete mshazari, nikaipasua ncha. Nilikwangua masizi chini ya sufuria ya bukari, ugali wetu, waliyoniletea, nikayakoroga kwa chai yenye sukari. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika na kuzibwa kwa mfuko wa simenti, nikachana kipande. Tete lilikwaruza, wino ukavuja, herufi zikatoka kama za mtoto wa mwaka wa kwanza: "Mimi ni mwalimu bado. Siendi Kiambi. Unisaidie, mama." Kisha nikalirudisha tete mahali pake kwenye mkeka.

Mama direktrisi aliporudi alinishika mkono kama wafanyavyo wote wanaotoa pole, na kikaratasi kikahamia kwake. Nilitumaini atakificha. Aa! Mwalimu ni mwalimu: alikifungua palepale, akakisoma kwa sauti ya kusomea imla, mbele ya ukoo wote.

"Amesema!" wifi akapaza sauti. "Amewaua watoto!"

"Mudomo wake umefunguka?" mama direktrisi akamuuliza.

Wifi akautazama mdomo wangu.

"Basi hakusema. Kazi yake inamungoja. Na kilio kikiisha bila kumuona shuleni, nitakuja kumuchukua na walimu wote."

Mjomba mkubwa wa marehemu alikohoa, akatazama chini, akasema asiyetaka hapelekwi. Machozi yalinitoka, ya furaha safari hii, nami nikayaacha yateremke.

Wageni walipotoka wifi alipekua chumba kizima. Alikung'uta kitenge changu, akainua godoro, akamwaga mikoba ya watoto. Hakuona hata biki moja.

"Kalamu uliitosha wapi? Nani alikuletea?" aliniuliza.

Nikamwangalia tu. Mjane hasemi.

Wakanikalisha tena palepale, juu ya mkeka uleule, mpaka kilio kiishe. Chini yangu kulikuwa na kalamu za kutosha darasa zima.