Zamu ya Anyitike

Enzi za Wajerumani, wavulana wa Ikolo waliishi pamoja kwenye vibanda vyao, na kula walikwenda kwa zamu kwa mama wa kila mmoja. Anyitike alinaswa akiiba ndizi, wazee wakataka apelekwe bomani kwa Wajerumani akachapwe viboko.

Tusekile, mjane mfinyanzi, alimuuliza kwanza sababu.

"Wenzangu walikuwa waje kula kwangu," kijana alijibu, "na mimi sina mama."

Tusekile akawageukia wazee. "Hicho kiboko kitawapikia wenzake?" Kisha akamwambia Anyitike, "Walete kwangu."

Tangu hapo kila mvulana yatima alikuwa na pa kuwapeleka wenzake, na wizi wa ndizi ukasahaulika. Chungu kikubwa kuliko vyote alivyofinyanga Tusekile hakikufika gulioni kamwe; kilibaki jikoni kwake.