Pale Alipofunga Bingwa

Mkono wangu wa kulia hauwezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Wajukuu wanadhani ni uzee, na mke wangu, kwa huruma yake, anawaacha wadhani hivyo. Si uzee. Mkono wa kushoto una umri ule ule na unafungua chochote. Huu wa kulia uliharibiwa, na waliouharibu walikuwa watu wazima wenye akili zao, mchana kweupe, kwenye uwanja wa mpira kule Temeke, nami nikiwaambia kwamba wananiharibu. Nimejaribu kusamehe, nimeshindwa, na siku hizi sijisumbui tena.

Wakati huo nilikuwa mchongaji. Baba yangu alikuja Dar kutoka kusini na tezo yake na ujuzi wake, akajiunga na ushirika wa wachonga vinyago, akanifundisha kazi, kisha akarudi kwetu akaniachia nafasi yake na tezo yenyewe. Watu hudhani mpingo unachongwa kwa nguvu za bega. Uongo mtupu. Ukichonga kwa bega utachoka kabla ya chai ya saa nne. Kazi yote inafanywa na kifundo cha mkono: tezo inainuka kidogo, kifundo kinaigeuza, kibanzi kinaruka. Baba alikuwa akinishika kifundo kwa vidole viwili nikichonga, asikie kama kimelegea vya kutosha. Kwa hiyo ninaposema kifundo, sizungumzii kiungo tu. Nazungumzia ugali wangu na jina la baba yangu.

Azimio la Ujamaa lilikuwa bado la moto. Kila mahali pa kazi palitakiwa patoe wachezaji wa timu ya Temeke, nayo ishindane na wenzao wa Kinondoni kwa kila mchezo uliojulikana duniani. Mie nilikuwa mwepesi, napenda kupanda na kuruka tangu utoto, basi nikapangiwa kuruka kwa upondo. Unakimbia umebeba mwanzi mrefu, unauchomeka kwenye kishimo, nao unakubeba juu upite ufito na kuanguka upande wa pili. Sisi tulikuwa tunaangukia lundo la maranda na pumba za mpunga, na maranda mengi yalitoka kwenye karakana yetu. Sitasema uongo: niliupenda mchezo ule. Kuna wakati kule juu, mguu umeshavuka, mikono bado haijaachia, ambapo hata kelele za uwanjani husikii. Nikishuka nilikuwa nacheka peke yangu.

Upondo wetu ulikuwa mmoja tu, mwanzi mnene ulioletwa kwa lori kutoka nyanda za juu. Aliyeutumia kwanza alikuwa bingwa wetu, askari mmoja mrefu mno, ambaye akiingia ofisi ya timu lazima ainame. Mwanzi unateleza ukishikwa na mkono wenye jasho, basi yeye alichana mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauzungushia mwanzi pale mkono wake wa juu ulipofika, akakaza. Mahali pale palimfaa yeye. Alishinda mara kadhaa, akapigiwa makofi, kisha akahamishiwa bara kikazi. Akaondoka, mpira ukabaki pale pale.

Na hapa ndipo akili za watu zilipopinda. Kamati ya michezo ilikaa, ikaamua kwamba upondo ni mali ya wote na kila mrukaji atashika pale alipofunga bingwa. Mwalimu wetu wa michezo, mtu aliyewahi kuwa jeshini na aliyezungumza kama bado yuko gwaride, alitutangazia uamuzi huo kana kwamba ametuletea maji ya bomba. Hakuna wa kushika juu, hakuna wa kushika chini. Sote sawa.

Sawa na nani? Mie kichwa changu kilikuwa kinamfika yule askari kwapani! Ukishika mwanzi juu kupita kimo chako, haukubali kusimama. Wewe umeshafika kishimoni, mkono haujanyooka, mwanzi unagota chini, na uzito wote wa mwili unaangukia kifundo kilichopindwa kwa nyuma. Kila mruko ulinipa mshtuko uliopanda hadi kwenye jino. Nilijaribu kushika chini ya mpira, kwenye mwanzi mtupu; mkono ukateleza nikaanguka kando ya maranda, na mwalimu akanikaripia kwa kukiuka uamuzi wa kamati. Hakuuliza kama nimeumia.

Maumivu yalianza kama kitu cha kuudhi tu. Asubuhi kifundo kizito, mchana kinalainika. Halafu kikaacha kulainika. Nikawa siwezi kukamua nguo, siwezi kubeba ndoo kwa mkono ule. Kazini tezo ikaanza kunipotea. Siku moja nilikuwa namalizia uso wa bibi kizee, kinyago kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchonga, mkono ukashtuka nikamkata pua. Fundi mwenzangu akaangalia kile kipande chini, akaangalia kifundo changu kilivyovimba, akasema, "Mwenzangu, achana na mambo ya kuruka. Utakula nini?"

Mama yangu mkubwa, niliyekaa kwake, alikuwa akinikanda jioni kwa maji ya moto yenye chumvi. Alikuwa na mikono mizito kama ya mpasua kuni, na alikanda huku akiwatukana watu asiowajua. "Hao wanaokurusha hewani, wana watoto wao? Mbona hawawarushi?" Akimaliza ananifunga kwa kipande cha kanga yake kuukuu. Dispensari waliniambia nipumzishe mkono, wakanipa vidonge vya maumivu.

Nikaenda kwa mwalimu. Nakumbuka nilivyomwambia, maana nilikuwa nimejipanga njia nzima ili nisionekane mkorofi. Nilisema, "Shikamoo mwalimu. Naomba ule mpira tuushushe kidogo, kama kiganja kimoja na nusu tu. Pale ulipo unanipinda mkono. Wengine wakitaka kuruka, nitaurudisha mwenyewe."

Hakuitikia hata shikamoo. Aliangalia kile kipande cha kanga tu. Jioni ile, timu nzima imesimama mstari, aliniita mbele, akaniinua mkono uliofungwa kama anaonyesha kitu cha wizi.

"Ndugu zangu, mnamwona mwenzenu? Upondo ni wa wote, yeye anataka ufungwe kwa kipimo chake. Huu ndio ubinafsi tunaoupiga vita. Kupe, mnyonyaji, si lazima awe na gari na nyumba ya kupangisha. Kupe anaweza kuwa amejifunga kanga."

Walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanapiga. Mie, mtoto wa mchongaji, nalala chumba kimoja na binamu zangu watatu, leo naitwa kupe! Nilitaka kumjibu na maneno yote yalikuwa mdomoni, lakini zama zile neno kama lile likikuganda lilikufuata hadi kazini, hadi kwa balozi wa nyumba kumi, hadi foleni ya sukari. Nikafungua kanga mbele yao, nikaitia mfukoni. Bado najichukia kwa kule kuifungua, ingawa wa kuchukiwa si mimi.

Siku ya mashindano, watu wa Kinondoni walikuja na ngoma zao. Wao walikuwa na mianzi miwili, kila mtu akishika anapotaka, na hakuna aliyewaita kupe. Nilivuka ufito wa kwanza nikiwa nimeuma meno. Ufito ukapandishwa. Mwalimu akaja akanipiga begani, akasema, "Onyesha wewe ni mwananchi." Nikakimbia. Niliuona ule mpira mweusi juu ya kichwa changu, mbali kuliko siku zote, nikachomeka, na kifundo kikalia kama kuni kavu inayokanyagwa. Ufito niliuvuka. Watu wanasahau hilo. Nilivuka, nikaangukia maranda ya karakana yetu wenyewe, na uwanja mzima wa Temeke ukashangilia huku mie nimelala nikiangalia mkono uliokaa vibaya.

Nilifungwa plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, na kifundo hakikukubali kugeuka. Kinakwenda mbele, kinarudi nyuma kidogo, basi. Pale karakana hawakunifukuza. Ushirika haukuwa na roho hiyo, na hilo nalisema kwa haki. Walinipa kazi ya kupiga msasa. Nikawa nakaa na kitambaa na nta, nasugua vinyago walivyochonga wengine, mkono wa kushoto ukifanya kazi, wa kulia ukishikilia tu. Tezo ya baba niliifunga kwenye gunia nikaisukuma chini ya kitanda. Alipotuma salamu kuuliza kazi inaendaje, nilimjibu inaendelea vizuri.

Sikwenda uwanjani kwa muda mrefu. Siku niliyokwenda nilikuwa napita tu, nimetumwa kupeleka maranda. Nikakuta timu ina mrukaji mpya, kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, ana viatu vya miiba na suruali fupi nyeupe. Si mtu mbaya. Alinisalimia vizuri, akaniambia amesikia habari za ule mruko wangu wa mwisho. Kimo chake kilikuwa kama changu.

Nikaangalia upondo ulioegemezwa ukutani. Mpira ulikuwa umeshushwa.

Umeshushwa kama kiganja kimoja na nusu. Pale ulipokuwa zamani palibaki alama, mwanzi umepauka. Nikauliza nani kaushusha. Kijana akasema, "Mwalimu mwenyewe. Nilimwambia hapa juu hapanifai, akatoa kisu, akashusha. Dakika chache tu."

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, filimbi shingoni. Nilimgeukia. Sikuwa na hasira bado, naapa. Nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamwuliza, "Mwalimu, kumbe unashushika?"

Akatabasamu. Hakuwa anadhihaki, na ndilo jambo lisilonitoka hadi leo. Alitabasamu kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Unashushika, bwana, si mpira tu? Sasa nawe si ungesema!"

Nikauchukua ule upondo ukutani. Hakuna aliyenizuia. Nikaweka mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, kwenye mpira, nikanyoosha. Ulinikaa sawasawa. Mkono ulinyooka, bega lilikaa mahali pake, kifundo hakikupindwa hata kidogo. Nilijua hapo hapo kwamba ningeruka miaka na miaka, na nikitoka uwanjani ningekwenda kuchonga.

Kisha nikajaribu kuuinua, vidole vya kulia vikafunguka vyenyewe, na mwanzi ukaanguka kwa kishindo miguuni pa mwalimu.

"Angalia, ndugu," akasema. "Mali ya umma hiyo."