Mama alipousahau ugomvi wa maisha yake, sisi wenye kumbukumbu tukabaki hatujui la kufanya

Heshima kwenu wakuu, mnaochangia na mnaopita kimyakimya kama mimi.

Nimefuatilia ule mjadala wa kama mtu huzaliwa na roho nzuri au hufundishwa. Watu wameshusha nondo za wanafalsafa mpaka nikaogopa kuchangia. Mimi nina la nyumbani tu. Nalileta kama lilivyotokea, majina pekee ndiyo nimebadilisha.

Ni mwalimu, naishi Lisekese, Masasi. Kwetu hasa ni Mnyambe, Newala, na mama yangu yuko huko mpaka leo. Wanamwita Mama Skola, kwa jina la dada yangu mkubwa.

Jirani yetu, ng'ambo ya mikorosho, ni Mama Zuhura. Zamani walikuwa kama mtu na dada yake. Mama akienda kwenye shughuli za kanisa alituacha kwake, ingawa yeye ni Mwislamu na sisi Waanglikana. Hilo halikuwa ishu kabisa.

Safari moja mama alikuwa Masasi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mdogo wetu wa mwisho, Edna, akashikwa na homa, ikaja na degedege. Mama Zuhura alianza kwa kumwogesha majani, kama wengi walivyofanya enzi hizo. Alipoona haishuki akambeba kwenda zahanati.

Edna alifia njiani.

Mama hakumtukana mwenzake wala kumshtaki popote. Aliacha tu kumsalimia.

Mtu asiyetoka huku anaweza asielewe uzito wa jambo hilo. Alipishana naye bombani, msibani, hata zahanati, akampita kama anapita mti. Baba alipofariki, Mama Zuhura alikuja akakaa mkeka wa pembeni kabisa. Hakuna aliyemsogezea hata maji.

Tumekua, tumeoa na kuolewa, hali ikawa ile ile.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza chungu jikoni, baadaye njia ya kanisani, baadaye majina yetu. Daktari alitueleza ni maradhi ya kumbukumbu, tusihangaike kutafuta mchawi. Skola, ambaye ni mjane, akahamia kwake kumtunza.

Msimu mmoja wa korosho, Skola akiwa anaokota shambani, mama alitoweka. Alikutwa kwa Mama Zuhura, amekaa mkekani anakula ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, anacheka kwa sauti ambayo sisi tulikuwa tumeshaisahau.

Kesho yake akaenda tena. Ikawa ndiyo desturi.

Skola alinipigia simu akiwa amekasirika sana. Alisema mama hajasamehe, ni ugonjwa. Mama mwenye akili zake asingekanyaga pale, na sisi watoto tuna wajibu wa kulinda alichokitaka alipokuwa mzima.

Wakuu, hoja ile ilinishinda. Chuo cha ualimu tulisoma saikolojia ya makuzi: mtoto anatii kwanza kwa kuogopa fimbo, halafu kwa kutaka sifa, halafu anaelewa mwenyewe. Ngazi zote zilikuwa za kupanda. Hakuna aliyetufundisha mtu anaposhuka anabaki na nini.

Jumamosi nikapanda kwenda Mnyambe.

Nilidhani nitamkuta Mama Zuhura ana furaha. Nilimwamkia, akaitikia kwa unyonge, akanikalisha.

"Mwanangu, nilimkosa sana mama yako," alisema. "Lakini sasa nahisi kama naiba. Huyu anayenipenda hajui mimi ni nani."

Alitaka kumwambia mama habari ya Edna. Mimi nilikataa, nikaona tutamfufulia msiba mgonjwa ambaye hata hawezi kujitetea. Skola, aliyekuwa amemleta mama, aliunga mkono aambiwe, na nadhani alitarajia mama akisikia atarudi nyumbani asikanyage tena pale. Mama Zuhura akasema atayasema mbele yetu, na lolote litakalokuja atalipokea.

Tukakaa mkekani wote wanne, alasiri ile.

"Mama Skola," alisema, "Edna alipofariki alikuwa na mimi. Nilichelewa kumpeleka."

Mama aliyasahau majina yetu, lakini jina la Edna lilikuwa bado limo. Machozi yalimshuka taratibu. Nikajua tumeharibu.

Kisha akauliza, "Ulikuwa umembeba?"

"Nilikuwa nimembeba."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, dada."

Mama akaushika mkono wake. "Basi hakuwa peke yake," alisema. "Mimi siku zote nilidhani alikuwa peke yake."

Skola aliinuka akaenda jikoni. Hakurudi mpaka macho yake yalipokauka.

Asubuhi mama hakukumbuka chochote. Nikamuuliza Mama Zuhura kama atarudia kumwambia. Alisema hapana, yeye ameshasema na mwenzake ameshajibu.

Sasa sisemi ugonjwa huu unaleta wema. Nimeona wazee wengine umewafanya wakali, wanapiga hadi wajukuu. Na Skola bado ananiambia lile lilikuwa jibu la mgonjwa. Huenda. Ila lile swali mama hakulitoa kwenye ugonjwa. Nahisi lilikuwa ndani yake miaka yote, limekaliwa na hasira.

Siku hizi Mama Zuhura humwogesha mama asubuhi ili Skola aende shamba. Skola hajatamka kwamba amesamehe, na mimi simuulizi. Nilichoona ni kwamba mwezi uliopita, alipoitwa hospitali ya Mkomaindo, huku Masasi, kumuuguza binti yake, hakunipigia mimi nije kukaa na mama. Alimwomba Mama Zuhura.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Tuliyemnunia tunamjua kwa kosa lake, na hapo tunaacha kumuuliza chochote. Mama aliishi jirani na mtu pekee aliyejua dakika za mwisho za mwanawe, na hakumuuliza mpaka alipopoteza kumbukumbu zake.

Wakuu, hasa mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii: ungekuwa wewe, ungeruhusu aambiwe? Na yupi kati ya hawa wawili ndiye mama yangu hasa, yule aliyenyamaza au huyu aliyeuliza? Semeni bila kunionea aibu, nasoma kila mtakachoandika.